Visima vyetu vimeangukia baharini: tuanze upya?

"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha kujitolea. Kwa miezi saba tumezunguka kuandikisha vyanzo vya maji: visima, mabomba ya umma na matangi. Tumepata mistari 412 kwenye Excel. Nukta nyingi tulizichukua kwa simu, na kama 60 tulizinakili kutoka ramani ya zamani ya karatasi. Tulipozipandisha kwenye ramani ya mtandaoni, baadhi ziliangukia baharini, zile za ramani ya zamani zote zimesogea upande mmoja, na nyingine ziko sawasawa. Mwenzetu mmoja anasema ni lazima tununue programu ya kitaalamu. Mwingine anasema tuzitupie Google yaishe. Wa tatu hataki ziende popote, anasema tutaibiwa kazi yetu. Je, tuanze upya? Na tufanyeje ili wananchi waitumie kweli, isije ikawa pambo?"

Msianze upya. Nimesoma swali lako mara mbili na sijaona popote panapoonyesha kwamba miezi saba imekwenda bure. Ninachoona ni makosa ya aina mbili tatu yaliyochanganyika kwenye faili moja, na kwa kuwa yamejitokeza yote kwa mpigo, ramani nzima inaonekana imeharibika. Haijaharibika. Hizo nukta zina dawa, na dawa yenyewe si ghali. Kazi nzito iko kwenye sentensi yako ya mwisho, ile ya wananchi kuitumia, na nitaifikia.

Tuanze na visima vilivyozama. Koodineti ni namba mbili tu. Latitudo inasema uko digrii ngapi kaskazini au kusini ya Ikweta. Longitudo inasema uko digrii ngapi mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Balaa ni kwamba programu hazikubaliani ipi itangulie. Watu na simu nyingi hutaja latitudo kwanza. Faili za GeoJSON, ambazo ramani nyingi za mtandaoni huzisoma, zinataka longitudo itangulie, na kanuni yake ya mwaka 2016 inasema hivyo waziwazi. Chukua Nairobi: -1.29, 36.82. Zigeuze namba hizo, na Nairobi inaibukia katika Bahari ya Mediterania, kati ya Hispania na Aljeria. Sahau ile alama ya kutoa mbele ya 1.29, na jiji linavuka Ikweta na kutua kilomita 280 na ushei kaskazini ya lilipo. Acha kisanduku kitupu, na kuna programu zitakazokisoma kama sifuri na sifuri. Hapo nukta inakwenda Ghuba ya Guinea, mahali ambapo wachora ramani wamepabandika jina la utani la Null Island. Kisiwa hakuna. Kuna maji matupu, ingawa liliwahi kufungwa boya la utafiti wa hali ya hewa palepale. Kila aliyefanya kazi hii kwa muda ana majengo yake pale. Mimi niliwahi kujenga shule 11 kwa siku moja.

Kwa hiyo usifute mstari hata mmoja. Fungua faili, panga safu ya latitudo kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, kisha tazama juu kabisa na chini kabisa. Kwa kuwa mlizunguka eneo moja, latitudo zenu zote zinapaswa kufanana tarakimu za mwanzo. Zilizogeuzwa, zilizopoteza alama ya kutoa na zilizoachwa tupu zitajikusanya zenyewe kwenye ncha za orodha, kila kundi na wenzake. Zilizogeuzwa unazirudisha kwa kubadilishana visanduku. Zilizokosa alama unaiweka. Zilizo tupu ndizo pekee zinazodai mtu arudi kisimani, na ningeshangaa kama zitafika 20.

Nukta iliyoangukia baharini ni mkweli, kwa sababu inakuambia mwenyewe kwamba kuna kosa. Ninayoiogopa ni ile iliyotua nchi kavu, mahali panapoaminika, kilomita kadhaa kutoka kilipo kisima. Tuseme mmoja wenu simu yake huonyesha digrii na dakika, naye akaandika digrii 6 na dakika 30 kama 6.30. Digrii ina dakika 60, si 100, kwa hiyo ilitakiwa iwe 6.5. Kosa hilo dogo la kalamu ni kilomita 22 ardhini. Mtego mwingine ni wa Excel yenyewe. Mtu anapunguza desimali ili safu ipendeze machoni, kisha anahifadhi faili kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Excel ikitengeneza CSV huandika kile kinachoonekana kwenye kisanduku, na tarakimu zilizofichwa nyuma yake zinapotea. Desimali tano ni kama mita moja ardhini, tatu ni kama mita 110, mbili ni zaidi ya kilomita. Dalili utaiona ukikuza ramani: visima vimejipanga mistari iliyonyooka, kama askari kwenye gwaride. Visima havichimbwi hivyo. Ukikuta gwaride, rudi kwenye faili la mwanzo. Na kama mmekuwa mkilifanyia kazi lilelile moja tangu siku ya kwanza, acha kusoma hapa, nenda ukalinakili, nakala uiite "asili", na asiiguse mtu.

Sasa zile 60. Umesema zote zimesogea upande mmoja, na maneno hayo matatu manne yamenipa nusu ya jibu. Mtu akikosea kunakili, makosa hutawanyika: hiki kimeenda kulia, kile juu, kingine kimebaki mahali pake. Nukta zinapohama pamoja, umbali uleule na mwelekeo uleule, basi hakuna aliyekosea kunakili. Dunia si tufe kamili; imebonyea kwenye ncha zake, kiasi kwamba nusu kipenyo chake kwenye Ikweta kinazidi cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Kabla ya setilaiti, wapima ardhi wa kila sehemu ya dunia walichagua umbo la kihesabu lililoikaa vizuri sehemu yao, wakahesabu latitudo na longitudo juu ya umbo hilo. Simu yako inatumia umbo jingine, liitwalo WGS84, lililopimwa kwa ajili ya dunia nzima. Namba ni zilezile lakini misingi ni miwili, na matokeo yake ni mahali pawili. Ramani za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa mfano, zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. Ukizisoma kana kwamba ni WGS84, kila kitu kinahama kwa takribani mita 300.

Tazameni pembezoni mwa ile karatasi, kwenye maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Humo ndimo hutajwa msingi uliotumika. Ukishaujua, QGIS, programu ya kompyuta ya kutengenezea ramani, itazigeuza nukta zote 60 kwa pamoja. Kuna jambo moja la kuwa makini nalo hapo: kuna kuiambia programu "data hizi ni za msingi fulani", na kuna kuiamuru "zigeuze ziwe WGS84". Ni amri mbili tofauti. Anayebandika jina la WGS84 bila kugeuza amebandika lebo ya uongo tu, na nukta hazisogei hata inchi. Na tafadhali msizisogeze kwa kipanya, moja moja, hadi "zionekane sawa". Nimeona watu wakifanya hivyo kwa siku tatu.

Hata zikishakaa sawa, hizo 60 zina maswali mawili ambayo hesabu haiwezi kuyajibu. Ramani ya zamani inaonyesha kisima kilichokuwapo, na hujui kama kipo. Kisha, ramani ya karatasi ina mwenye haki nayo. Kunakili nukta zake na kuzichapisha kunahitaji ruhusa, isipokuwa kama muda wa haki hizo umeshapita. Ningekuwa nyinyi, ningezitumia kama orodha ya mahali pa kwenda, mtu akafika, akakiona kisima, akachukua koodineti zake mwenyewe. Kinachochapishwa kinakuwa ni chenu, na mnajua kipo.

Kuhusu nukta za simu, msihangaike na mita chache. Simu hupokea kutoka kila setilaiti ujumbe wa saa ulipotumwa, hupima umechelewa kiasi gani njiani, na kwa setilaiti nne au zaidi hujua iko wapi. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Kati ya kuta ndefu au chini ya miti minene mawimbi hugonga na kurudi, kosa likafika makumi ya mita. (Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, na kukosea kwa mita 100 lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo tuna cha kushukuru.) Anayefuata maji akifika mita 10 kutoka kwenye bomba ataliona kwa macho. Siku nyingine tu, simameni pembeni ya kisima nusu dakika, mngoje kile kiduara cha simu kisinyae, ndipo mhifadhi.

Huyo mwenzenu wa programu ya kulipia anatoa ushauri wa zamani. Wakati mmoja alikuwa sahihi. Leo QGIS, iliyoanza mwaka 2002, ni ya bure na inafanya kila nililolitaja hapo juu na mengi ambayo hamtayahitaji kamwe. Nukta 412 hazihitaji hata seva yenu wenyewe. Ramani ya mtandaoni hukatwa vigae vidogo vya mraba. Ukiwa umeiona dunia nzima kwa mbali ni kigae kimoja, na kila ukikuza hatua moja kila kigae kinagawanyika kuwa vinne. Kufikia hatua ya 18 dunia imekuwa vigae zaidi ya bilioni 68, lakini simu ya mtu hupakua vile vichache tu anavyovitazama. Vigae hivyo vipo tayari, vimetengenezwa na wengine. Chenu ni kuweka nukta juu yake.

Mziweke wapi, basi? "Google yaishe" si wazo baya la kuanzia. Google My Maps inasoma faili la Excel moja kwa moja, kila mtu ameshaizoea sura yake, na jioni moja inatosha. Ubaya wake ni kwamba ramani huishi kwenye akaunti ya mtu mmoja. Siku akiondoka kikundini au akisahau nywila, ramani imeondoka naye. uMap hufanya kazi karibu ileile juu ya data za OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), ni huru, na inakuachia ubadilishe mwonekano zaidi, ila ukurasa wake unamchanganya mgeni. Kati ya hizo mbili ningechagua uMap, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

OpenStreetMap yenyewe ni jambo jingine kabisa. Ilianza Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote huihariri. Nukta ikiingia humo haibaki kwenye ramani yenu peke yake. Inaonekana kwenye programu nyingi za simu, zikiwemo zinazofanya kazi bila intaneti. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walichora barabara za Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti kwa siku chache, na waokoaji waliokuwa pale waliitumia ramani hiyo kwenye vifaa vyao. Lakini ina masharti. Haitaki chochote kilichonakiliwa kutoka Google Maps au ramani nyingine yenye haki. Kumwaga mamia ya nukta kwa mkupuo bila kushauriana kwanza na wachoraji wa eneo hilo hakukubaliki, na watazifuta. Na inapokea kinachodumu: kisima kipo hapa, kina pampu ya mkono. "Leo hakina maji" hapo si mahali pake. Kwa hiyo ningegawa: mahali kilipo kisima kiende OpenStreetMap taratibu, kwa kushauriana, hali yake ya wiki hii ibaki kwenye faili lenu na ramani yenu ya uMap.

Mwoga wa kuibiwa msimcheke. Ana hoja, ila ameielekeza kusiko. Mtu akinakili orodha yenu, bado mnayo. Kinachouma ni mtu kuichapisha kwa jina lake, au kuichapisha imeharibika na nyinyi mkalaumiwa. Dawa yake ni leseni, ambayo ni sentensi moja chini ya ramani inayosema nani anaruhusiwa kufanya nini. Leseni ya CC BY inamtaka kila anayetumia awataje. Ile ya ODbL, inayotumiwa na OpenStreetMap tangu 2012, inaongeza kwamba anayeiboresha hifadhidata yenyewe na kuisambaza lazima naye aiachie wazi. Msipoandika chochote, mwaminifu ataogopa kuitumia, na asiye mwaminifu atachukua hata hivyo.

Ila kuna safu mbili ambazo hazipaswi kutoka nje kabisa, na nina hakika mnazo: jina na namba ya simu ya mtunza kisima. Alimpa namba kijana aliyesimama mbele yake na daftari. Hakuipa dunia nzima. Visima vilivyo ndani ya ua wa mtu navyo viondoeni, au mwenyewe akubali kwa kinywa chake baada ya kuonyeshwa itakavyoonekana. Mwaka 2018 kampuni ya Strava ilijikuta matatani kwa ramani ya njia za wakimbiaji isiyo na jina la mtu hata mmoja, ila katika maeneo ya jangwani na ya vita njia hizo zilichora mipaka ya kambi za kijeshi. Nukta ikikaa peke yake haisemi mengi. Zikikaa pamoja husimulia mambo ambayo aliyezikusanya hakuyafikiria.

Sasa sentensi yako ya mwisho. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza ramani ya huduma za afya yenye matabaka 14. Siku ya kuionyesha walipiga makofi. Mwezi mmoja baadaye nikatazama takwimu za wageni, nikagundua kwamba mgeni mkubwa ni mimi. Katika wale waliopiga makofi, muuguzi mmoja tu ndiye aliyenifuata nje. Akaniomba nimtolee kwenye karatasi orodha ya zahanati zinazofunguliwa Jumapili, aibandike mlangoni. Nikamtolea, nikiwa nimenuna kidogo. Karatasi ile ilikaa mlangoni mpaka wino ukafifia, na watu walikuwa wakiipiga picha kwa simu. Kati ya yote niliyoyafanya mwaka ule, ndiyo iliyotumika.

Nilichokosea ni kuanza na nilichonacho. Yule muuguzi alianza na mtu aliyesimama mlangoni pake akiwa na swali. Kwa hiyo kabla hamjachagua rangi za nukta, kaeni chini mtaje watu watatu kwa kazi zao, na kila mmoja anataka kuamua nini. Mama anayetoka na ndoo alfajiri anataka kujua bomba la karibu linatoa maji leo. Fundi anataka kujua pampu zipi zimekufa na ni za aina gani, abebe vipuri sahihi. Diwani anataka kujua ni wapi watu wengi wanategemea kisima kimoja. Ramani moja haiwajibu wote watatu, na yule wa kwanza huenda hahitaji ramani kabisa. Anahitaji orodha fupi iliyopangwa kwa majina anayoyajua, "nyuma ya shule", "njia panda", inayofunguka kwenye simu yenye kifurushi kidogo. Orodha hiyo iwekeni juu, ramani chini yake, na faili lenyewe lipakulike kwa anayelitaka.

Kila chanzo kiwe na tarehe ya mwisho kuhakikiwa, ionekane bila kubofya popote. Kwa maji hili ni kubwa kuliko usahihi wa koodineti. Mtu akifuata ramani yenu kilomita mbili akakuta kisima kimekauka, hatarudi kwenye ramani hiyo, na atawaambia wenzake. Akiona "kilihakikiwa miezi sita iliyopita" atauliza kwanza. Wekeni na namba ya kutuma ujumbe taarifa ikiwa si sahihi, kisha mteue mtu wa kuupokea, kwa jina, na wa kumpokea akichoka. Hali msizitofautishe kwa kijani na nyekundu peke yake. Kuna watu wasioziona tofauti hizo, hasa wanaume. Badilisheni na umbo la alama.

Wale vijana wa Kibera, Nairobi, walioanza mwaka 2009 kuuchora mtaa wao chini ya mradi wa Map Kibera, walikuta ramani za wakati ule zinauonyesha kama pengo. Walioshika vifaa vya GPS walikuwa wakazi wenyewe, kwa hiyo walijua ni kitu gani kinatafutwa pale na kwa jina lipi. Nyinyi mnayo faida hiyohiyo kama mlizunguka kwenu.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kuamuliwa kwa barua kama hii. Ikiwa nukta au mstari wenu utatumika kusema kiwanja ni cha nani, au mpaka unapita wapi, simameni, mtafute mpima ardhi mwenye leseni. Kosa la mita 5 la simu ni dogo kwa anayetafuta maji na ni kubwa mno kwa majirani wawili. Ramani ya karatasi ikiwa haina maandishi ya msingi pembezoni, au imekunjamana na kuvutika, nendeni nayo mkononi kwenye idara ya jiografia ya chuo kilicho karibu, kwa sababu mtu anayeitazama ana kwa ana atatambua mengi. Msiandike "maji salama" popote kama maabara haijapima, hata kama kila mtu anayanywa. Na mtu akija kulalamika kwamba nukta fulani inamhatarisha, itoeni siku hiyohiyo, maswali yafuate baadaye.

Panga ile safu ya latitudo, kisha niandikie ni ngapi zimebaki baharini na ile karatasi inasema nini pembezoni. Ukiweza, ipige picha kona yake ya chini.